Je, nchi inaweza kuacha pesa zake itumie bitcoin?

El Salvador ilijaribu. Septemba 2021 bitcoin ilifanywa pesa halali kando ya dola ya Marekani, na raia aliyejisajili kwa Chivo, programu ya serikali, akapewa bitcoin ya dola 30. Wengi walitumia hiyo bonasi, basi, wakarudi kwa dola.

Shida ni bei. Novemba 2021 bitcoin moja ilipita dola 60,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya 17,000. Sasa fikiria hapo ndipo umeweka karo ya mtoto!

Januari 2025 bunge lao lililegeza sheria: mwenye duka halazimiki tena kuipokea, wala ushuru haulipwi nayo.

Na salio lako kwa simu? Hiyo si kripto. Ni shilingi zilezile, zimewekwa benki.