Nywila Zilizovuja: Namna Kampuni Inavyopima Hatari Yake

Nywila ya mfanyakazi mara nyingi haiibwi ofisini kwake. Huibwa kwenye tovuti nyingine aliyojisajili kwa barua pepe ya kazi, kisha wezi huijaribu kwa mwajiri wake. Mtandao wa LinkedIn ulidukuliwa mwaka 2012. Miaka minne baadaye, nywila za akaunti zaidi ya milioni 100 zikakutwa zikiuzwa. Zilikuwa zimefumbwa, lakini kwa njia dhaifu, hivyo nyingi zilifumbuliwa upesi.

Biashara ndogo nayo haisalimiki. Luanda Kotieno, ufuoni Siaya nchini Kenya, ambako feri huvusha watu na magari hadi Mbita, mnunuzi wa omena huenda asiwe na seva wala mtaalamu wa kompyuta. Ila ana barua pepe, laini ya M-Pesa ya biashara na akaunti ya kodi ya iTax, na pengine karani wake huzifungulia saiba mjini Bondo. Kazi ya kupima hatari huanzia hapo: kuorodhesha kila akaunti na anayeishika, wakiwemo walioacha kazi zamani. Hawa ndio husahaulika. Kampuni ya mabomba ya mafuta ya Colonial Pipeline, nchini Marekani, iliingiliwa Aprili 2021 kupitia akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena. Nywila yake ilikutwa miongoni mwa zilizovuja, na hapakuwa na uthibitisho wa pili. Wadukuzi walilipwa takriban dola milioni 4.4.

Orodha ikishapatikana, msako huanza. Huduma ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, huonyesha anwani ipi imo katika uvujaji upi. Kampuni yenye kikoa chake, ikithibitisha umiliki, huona anwani zake zote kwa pamoja. Inayotumia Gmail hutafuta moja moja. Nywila yenyewe hukaguliwa bila kufichuliwa: kompyuta huigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu 40, hutuma 5 za mwanzo tu, kisha hulinganisha majibu yenyewe.

Idadi ya anwani zilizopatikana haisemi mengi. Anwani 20 za mwaka 2012 zilizokwisha kubadilishiwa nywila si kitu mbele ya kompyuta moja ya saiba yenye kirusi kinachonakili nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kirusi hicho huchukua pia vidakuzi, yaani data inayoiambia tovuti kwamba mtu ameshaingia. Kwa hiyo kubadilisha nywila pekee huenda kusitoshe. Vifaa vyote vilivyomo kwenye akaunti hutolewa vilevile. Barua pepe hushughulikiwa kwanza, hata kabla ya akaunti za fedha, kwa kuwa ndiyo inayopokea viungo vya kubadilishia nywila za nyingine.

Kuingia akaunti ya mtu bila idhini ni kosa nchini Kenya chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, hata mwajiri akidai alikuwa akijaribu nywila tu. Na ikibainika kwamba data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa, na kwamba watu hao wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu kampuni ilipojua.