Goma: Kengele Isiyongoja Ruhusa

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Wakazi wengi wa Goma, jirani zetu wa Kongo, walijua hatari kwa kuona anga limekuwa jekundu. Hapakuwa na onyo lililowatangulia. Wakachukua watoto na magodoro, maelfu wakavuka kwa miguu kuingia Gisenyi, Rwanda. Watu wapatao 30 walikufa.

Vyombo vya kupimia mlima vilikuwapo. Lakini mwaka 2020 fedha za wafadhili zilikoma, na kwa miezi kadhaa kituo kilikosa intaneti ya kupokelea vipimo. Hatuwalaumu wale wa kituoni. Ni wafanyakazi wenzetu, walikosa nyenzo.

Tunayaandika haya kwa kuwa kwetu nako si salama. Katika kiwanda kimoja tulichokitembelea, mlinzi wa usiku akiona moto lazima ampigie simu meneja nyumbani, ndipo apate ruhusa ya kupiga kengele. Meneja amelala, ndugu zetu wako ndani!

Mtambo unaojiendesha haumwombi mtu ruhusa. Ukinusa moshi, king'ora kinalia, na papo hapo kila aliye zamu anapata ujumbe wa simu, kwa Kiswahili, ukitaja mlango wa kutokea. Anayejibu kuwa yu salama anahesabiwa. Asiyejibu anatafutwa kwanza.

Waajiri watasema ni ghali. Matawi yadai mtambo huo katika mkataba, pamoja na fedha za betri na laini ya simu, na majaribio kila mwezi, zamu ya usiku ikiwamo.