Umri wa Mama na Kromosomu za Yai

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jambo ambalo huko Kasindi, na kwa jumla kati ya Beni na Butembo, husemwa kwa minong'ono. Mwanamke wa miaka arobaini akipoteza mimba, watu husema "mimba imeharibika". Mwanaisimu atatambua hapo kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka, ambacho hakimtaji mtenda. Hata hivyo, ukweni mtenda hutafutwa: mchawi, au mke mwenyewe na mwenendo wake. Je, biolojia yasemaje?

Mwanamume hutengeneza mbegu mpya tangu balehe hadi uzeeni. Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Mtoto wa kike angali tumboni, mayai yake machanga huanza mgawanyiko uitwao meiosisi: kromosomu alizorithi kwa baba yake huambatana na zile za mama yake, kisha kazi husimama. Husimama mpaka zamu ya yai hilo kupevuka ifike, pengine baada ya miaka 15, pengine 45.

Muda huo wote kromosomu hushikanishwa na pete za protini iitwayo kohesini. Pete hizo hufungwa kabla ya kuzaliwa, na uchunguzi wa panya waonyesha kuwa hazifanywi upya ipasavyo. Mwaka 2010 makundi mawili ya watafiti yalieleza kuwa mayai ya panya wazee yana kohesini chache mno kuliko ya panya vijana. Tufikirie ua uliofungwa kwa kamba za mgomba: fito ni nzima, ila kamba zimeoza. Nyuzi za seli zinapovuta, kromosomu zilizolegea huenda kusikostahili, na yai hubaki na 22 au 24 badala ya 23.

Nyingi za mimba hizo hutoka mapema. Ikizidi kromosomu ya 21, mtoto aweza kuzaliwa na hali ya Down, akiwa na kromosomu 47, kama Jérôme Lejeune na wenzake walivyotangaza mjini Paris mwaka 1959. Kwa mama wa miaka 20 hutokea takriban mara 1 katika vizazi 1,500. Kwa wa miaka 40, mara 1 katika 100. Wanaowatisha akina mama wa umri huo husahau kuwataja wale 99.