Viongezeo vya Petroli: Kazi Yake na Mipaka Yake

Chupa ndogo za viongezeo vya petroli huuzwa katika maduka mengi ya vipuri, zikiahidi injini yenye nguvu, matumizi madogo ya mafuta na moshi mchache. Mwananchi anayetoa fedha yake anastahili kujua ni lipi kati ya hayo linawezekana.

Petroli duni hulipuka ndani ya injini kwa namna isiyotakiwa, na injini hugonga. Uwezo wa mafuta kustahimili hali hiyo hupimwa kwa okteni. Mwaka 1921, wataalamu wa General Motors nchini Marekani waligundua kuwa kiasi kidogo cha risasi huzuia kugonga huko. Dawa hiyo ikawa sumu: risasi ilitoka na moshi, ikaingia katika damu na kudhuru ubongo wa watoto. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari, iliiacha mwaka 2021.

Kibadala kimojawapo ni ethanoli, itengenezwayo kwa molasi ya miwa. Malawi imeitumia katika petroli tangu 1982. Ethanoli hupandisha okteni, na kwa kuwa ina oksijeni ndani yake, hupunguza kaboni monoksidi, hasa katika injini za kabureta. Hata hivyo, nishati ya lita moja ya ethanoli ni pungufu kwa takribani theluthi moja ikilinganishwa na petroli. Aidha, hufyonza maji. Yakizidi, hutuama chini ya tangi na pikipiki hukataa kuwaka.

Viongezeo vingine husafisha utando katika nozo na vali. Hivyo huisaidia injini iliyochafuka, lakini haviponyi plagi iliyochoka wala chujio lililoziba.

Hakuna chupa inayoondoa salfa. Hiyo huondolewa kiwandani. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki, mwaka 2015, vilianza kuruhusu salfa isiyozidi sehemu 150 kwa milioni katika petroli.

Vilevile, kiongezeo hakitengenezi petroli iliyochakachuliwa. Mafuta ya taa hushusha okteni na kuongeza moshi. Mwaka 2011 Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Mafuta ya soko la ndani pia huwekwa vinasaba. Kiwango chake kikipungua, wakaguzi hutambua kuwa yamechanganywa.

Kinga ya kwanza, basi, ni kununua mafuta katika kituo chenye leseni na kudai risiti. Petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara haina wa kuulizwa. Injini ikianza kugonga mara baada ya kujaza mafuta, mteja atunze risiti hiyo na kutoa taarifa EWURA. Risiti ndiyo itakayoonyesha mafuta yalinunuliwa wapi na lini.