Je, Wajua? Ndizi Mbivu na Macho ya Dereva

Barabara ya kutoka Uyole kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi pale Kasumulu haimwachi msafiri na njaa. Gari likipunguza mwendo tu Kiwira, madirisha yanazingirwa na mabeseni: mahindi ya kuchoma, mayai ya kuchemsha na chumvi yake, karanga zilizofungwa kwenye karatasi, machungwa yaliyokwisha kumenywa, na vichane vya ndizi mbivu. Kila abiria ana chake anachokipenda, na hapo hapana wa kumlaumu mwenzake. Aliyeshika usukani ndiye asiyepaswa kuchagua kwa utamu peke yake. Chakula chake kipimwe kwa jambo moja: kinamwibia macho kwa muda gani? Kwa kipimo hicho ndizi mbivu ndogo, hasa ile iitwayo kisukari, inavishinda vyote vinavyouzwa kando ya barabara ile, na sababu zake zimo katika maumbile ya tunda lenyewe.

Kipimo hiki hakikutoka hewani. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia madereva zaidi ya 3,500 waliokuwa wakiendesha magari yao ya kila siku yaliyofungwa kamera. Kula kulikadiriwa kuongeza hatari ya ajali mara 1.8 kuliko kuendesha kwa utulivu. Kunyoosha mkono kutafuta kitu ndani ya gari, kisicho simu, kuliiongeza mara 9 hivi, na kubonyeza namba kwenye simu mara 12. Ukizitazama tarakimu hizo kwa makini utaona kwamba kutafuna si tatizo kubwa. Tatizo ni kupapasa, kuinama, kufungua na kufuta. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humaliza mita 33 katika sekunde mbili ambazo dereva anatazama mapajani kuona karanga zimemwagikia wapi. Katika mteremko wenye kona na ukungu, huku lori la Malawi likija mbele na bodaboda ikichomoka kwenye njia ya mashamba ya chai, mita 33 ni nyingi mno.

Sasa itazame ndizi. Imekuja na kifungashio chake, hakihitaji kisu wala meno, na kinafunguka kwa kuvuta ncha tu. Haina maji ya kutiririka mpaka kwenye kiwiko kama chungwa, haina mafuta ya kuufanya usukani uteleze kama muhogo wa kukaanga, haina punje za kunasa kwenye meno kama hindi. Kubwa zaidi, haina mbegu. Migomba ya porini huzaa matunda yaliyojaa mbegu ngumu kama kokoto. Watu wa Asia ya Kusini-Mashariki na Guinea Mpya ndio walioteua, kwa maelfu ya miaka, ile iliyozaa nyama bila mbegu. Aina nyingi tunazokula leo zina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tunda lake hujaa bila ua kuchavushwa. Vile vidoa vyeusi katikati ya ndizi ni mabaki ya mbegu ambazo hazikuwahi kukua. Mgomba umepoteza uwezo wa kuzaana kwa mbegu na unategemea mkulima ahamishe machipukizi yake, lakini dereva amepata tunda ambalo halimlazimishi kutafuta pa kutemea.

Kisukari ina faida nyingine juu ya ndizi kubwa: inaisha kwa tonge mbili tatu, kwa hiyo hakuna kipande kinachobaki mkononi kona inapokuja. Mzuzu ni mkubwa na mzuri kweli, lakini unataka kuchomwa au kukaangwa, basi huo ni wa kituoni. Zile za kupika, ambazo hujazwa kwenye malori kupelekwa Mbeya na Dar es Salaam, hazimhusu mla njiani.

Udongo wa volkano wa Mlima Rungwe, na mvua ambayo Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ndivyo vinavyoifanya migomba ijae kiasi kile hadi ikaonekana kama vile imejiotea yenyewe. Utamu, hata hivyo, haukamiliki shambani. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, kama asilimia 20 ya uzito wa nyama yake. Ikishakomaa hutoa gesi ya ethilini, gesi hiyo huamsha vimeng'enya, na karibu wanga wote hugeuka sukari. Maganda nayo hupoteza ukijani na kuwa ya manjano, kwa hiyo mnunuzi anasoma umri wa tunda kwa jicho moja kupitia dirishani. Baridi huharibu kazi hiyo. Ndizi ikikaa muda mrefu chini ya nyuzi joto 13 hivi ganda hufifia na kuwa jeusi kabla nyama haijaiva sawasawa, jambo la kukumbuka kwa anayelala na mzigo wake huko juu Isongole mwezi Juni au Julai. Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, shida ni kinyume chake: joto huziivisha haraka mno.

Wapo wanaosema ndizi inaleta usingizi. Hoja yao ina msingi wa kisayansi uliosikika nusu: ndizi kweli ina serotonini, kemikali ambayo ubongo huitumia katika mambo ya hisia na usingizi. Lakini serotonini ya kwenye chakula haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Anayesinzia saa nane mchana baada ya sahani ya ubwabwa na ndizi moja juu yake ailaumu sahani, na saa ya mwili wake, ambayo hulegea kila alasiri hata kwa aliyefunga. Ninachokubali ni hiki: ndizi haimwamshi mtu. Sukari haiondoi usingizi, na kahawa huusogeza mbele tu. Dereva aliyechoka dawa yake ni kuegesha gari na kulala. Mwenye kisukari, namaanisha ugonjwa safari hii, naye ana hesabu yake na daktari ambayo makala haiwezi kuibadili.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba dereva asile kabisa mpaka asimame. Ni kweli, na tarakimu ile ya 1.8 inamuunga mkono anayelisema. Ila mwenye daladala kati ya Tukuyu na Mbeya, au wa lori anayekimbilia mpakani, ana njaa ileile na ratiba ileile, na marufuku ambayo kila mtu anaivunja haimlindi yeyote. Heri basi avunje kwa chakula kisichomvuta macho, kilichowekwa mahali pamoja panapojulikana, kikiwa kimekatwa kutoka kwenye kichane kabla injini haijawaka.

Ganda ndilo ninalolihofia. Mwaka 2014 Kiyoshi Mabuchi na wenzake wa Japani walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kupima utelezi wa ganda la ndizi chini ya kiatu. Kiwango cha msuguano kilikuwa kama 0.07 tu, kwa sababu vijifuko vilivyomo ndani ya ganda hupasuka na kutoa ute. Ganda linaloangushwa sakafuni karibu na pedali ya breki si uchafu tu, ni mtego. Na kulitupa dirishani ni kumtegea mwendesha baiskeli. Lirudi kwenye mfuko ulio upande wa abiria.

Watu wa Rungwe watauliza, mbona nimelipita parachichi, zao linalowaingizia fedha siku hizi? Parachichi linataka kisu, kijiko na mahali pa kuweka kokwa, halifai usukani. Linafaa kwenye buti, katika mfuko mmoja na ndizi zilizobaki: ethilini ya ndizi huliharakisha kuiva, na siku chache baada ya kufika Dar es Salaam linabonyea kwa kidole.