Kondoo Humjuaje Mwanawe?

Mfugaji mmoja alituuliza kwa nini kondoo wake anampiga kwa kichwa mwanawe mwenyewe. Kumbe mwana huyo aliondolewa mara tu alipozaliwa, akarudishwa jioni.

Mwana anapopita katika njia ya uzazi, ubongo wa mama humwaga homoni iitwayo oksitosini. Ndiyo hiyo hiyo inayokaza mji wa mimba na kushusha maziwa. Nasi wauguzi humchoma mzazi sindano yake ili asitokwe damu nyingi. Katika kondoo huamsha pia sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Maji ya uzazi, ambayo jana yalimchukiza, sasa humvutia. Hulamba, na kwa muda wa saa mbili hivi amekwisha kushika harufu ya huyo mmoja, wengine huwafukuza. Akikosa mwana wa kulamba, baada ya saa chache hamu hiyo hufifia. Basi, mwacheni alambe! Mwana akifa, wafugaji wengine humvika yatima ngozi yake, na mama hupokea.

Akina mama waliojifungua kwa operesheni wasiogope. Binadamu hatufungwi na pua. Mtoto akiletwa hata kesho yake, mama humpenda. Hata hivyo tunapendelea alazwe kifuani mapema, maana naye hulitafuta titi kwa harufu.