Kichwa kinachorudi juma kwa juma

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaobaki kambini,

Kichwa kikiuma, wengi wetu tunameza kinini za malaria. Malaria ipo na inaua, ndiyo. Lakini kama damu imepimwa na wadudu hawakuonekana, na kichwa kinarudi tena na tena, sharti tutafute kitu kingine.

Kuna ugonjwa unaoitwa lupusi. Ndani ya damu mna askari wanaopigana na vijidudu. Katika lupusi askari hao hawatambui tena wenyeji, wanapiga mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, hata ubongo. Hauambukizwi, wala si ulozi. Katika wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Wanaume nao wanaupata, na vumbi la mawe lenye silika linaongeza hatari. Kwa hiyo maji tunayomwaga wakati wa kutoboa mwamba, na maski, si juu ya mapafu tu.

Kichwa kinaingiaje hapo? Mwenye lupusi anaweza kuumwa kichwa kama mtu yeyote. Mimi ninaogopa zaidi njia ya figo. Figo zikishambuliwa, mara nyingi haziumi. Tansio inapanda kimya, na ikipanda sana kichwa kinauma. Mgonjwa anaongeza dawa za maumivu za sokoni, na nyingine kati ya hizo zinaharibu figo zaidi. Siku miguu inapovimba na mkojo kutoa povu, ugonjwa umekwisha kwenda mbali. Na kupima tansio na mkojo ni kazi ya dakika chache!

Mama akiumwa kichwa, na asubuhi vidole vimekakamaa, au ana vidonda mdomoni, au mashavu yanabadilika rangi akikaa juani, aje lupitalo aseme yote, si kichwa tu. Nywele zinazoanguka wengi wanazificha chini ya kitambaa. Tuonyesheni.

Kichwa kikipiga ghafula kwa nguvu, au pamoja na homa na shingo ngumu, kifafa, mkono kulegea, macho kufifia, msingoje asubuhi. Mwenye mimba vilevile.

Dawa ipo. Moja ni hidroksiklorokwini, ndugu wa Nivaquine ya zamani. Lakini msijipimie nyumbani: kipimo chake anatoa munganga, na macho yanachunguzwa kila mara kadiri mgonjwa anavyoendelea kuimeza.